Mti Ulioibwa Kabla ya Kusawazishwa

Nilikaa miaka sita nikingoja mwanamke mmoja aonyeshe programu yangu mbele ya watu. Sikumfuata kwake, sikumsema kanisani, sikumtumia ujumbe wa matusi. Nilingoja tu, kwa sababu nilijua kilichokuwa ndani ya ile programu na yeye hakujua.

Tulikutana Rongo, katika chuo kidogo cha kompyuta kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea. Mimi nilitoka Migori, yeye alitoka Mbita. Tulipanga chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko: kitanda kimoja, jiko moja la makaa, sufuria mbili. Nilimwita nyar Mbita, binti wa Mbita, naye akaniita nyar Migori, na sikumbuki kama tuliwahi kuitana vinginevyo. Alijua kupika omena, dagaa wa ziwani, kuliko mimi. Nikiugua malaria alinifulia nguo, hata zile ambazo mtu huona haya kumpa mwingine. Nilimpenda, na nataka hilo lijulikane mapema.

Kila mwanafunzi wa diploma alitakiwa kuandika programu yake mwenyewe na kuieleza mbele ya walimu. Mradi wangu niliutoa kwenye parokia moja upande wa Homa Bay, kwa kina mama yangu. Katekista wa pale ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mimi humwita mjomba, naye huniita okewa, mtoto wa dada yake. Kazi iliyomchosha ilikuwa vitabu vya ubatizo. Watu walikuja kutafuta majina yao kwa sababu ya ndoa, kitambulisho, shule ya mtoto, na hakuna aliyekumbuka mwaka aliobatizwa. Mjomba alifunua kurasa tangu asubuhi hadi saa za chakula.

"Tulijaribu kupanga kadi kwa herufi," aliniambia, akinionyesha kabati la droo nyingi. "Angalia mwenyewe."

Nilizivuta droo. Ya A ilikuwa imejaa hadi haifungiki, na ya O vivyo hivyo. Nyingine zilikuwa na kadi tatu nne na mavi ya panya. Ndivyo majina yetu Wajaluo yalivyo, wanaume O, wanawake A. Aliyebuni kabati lile alikuwa na watu wengine akilini.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu alikuwa ametufundisha mti wa kutafutia. Mti huo huchorwa kichwa chini, mzizi ukiwa juu. Nilirudi chumbani, nikamchorea nyar Mbita kwenye gunia la makaa kwa kipande cha chaki.

"Jina la kwanza linakaa hapa juu," nilimwambia. "Linalofuata linaliuliza, mimi natangulia au nakuja nyuma yako? Likitangulia linaenda kushoto. Likija nyuma linaenda kulia. Likikuta hapo kuna mwingine, linauliza tena, hadi lipate nafasi tupu."

"Na ukitafuta?"

"Unauliza vilevile. Kila swali linakata nusu ya majina na kuyatupa. Haijalishi kama yote yanaanza na O, kwa sababu hatuulizi herufi ya kwanza peke yake. Tunaulizana nani yuko mbele ya nani."

Alikoroga uji akitazama gunia. "Nusu kwa nusu," alisema. "Hiyo nimeipenda."

Nilianza kuandika. Nilipata majina mia tatu kutoka kitabu cha kwanza, nikayaingiza jinsi yalivyoandikwa, kwa tarehe za ubatizo, majina yakiwa yamechanganyika. Programu ilifanya kazi. Ukiandika jina, linatokea kabla hujaondoa kidole. Niliongeza pia kitu nilichojivunia sana: ukihifadhi, programu ilipitia mti wote kutoka kushoto hadi kulia na kuandika majina kwenye faili yakiwa yamepangwa vizuri kama orodha ya darasa. Nyar Mbita aliniambia, "Wewe utafika mbali," na tulikula mayai siku hiyo.

Mwalimu ndiye aliyeniharibia usingizi. Akifuta ubao alituuliza, bila kugeuka, "Na majina yakija yakiwa yamepangwa tayari?" Kengele ikalia.

Nilienda na swali hilo hadi nyumbani. Siku zilizofuata, kwenye kompyuta ya chuo, niliingiza majina mengine, nikafika elfu moja na mia mbili, nikahifadhi, nikafunga programu. Nilipoifungua tena, ikafa. Mistari myekundu ilijaa kwenye skrini. Nilikaa mbele yake mchana kutwa, na jioni nikaelewa. Faili langu zuri lilikuwa limepangwa. Programu ilipolisoma upya, jina la kwanza lilikaa juu, la pili likaja nyuma yake, likaenda kulia. La tatu likaja nyuma ya la pili, likaenda kulia. La nne kulia. Hakuna aliyekwenda kushoto hata mmoja. Mti wangu ulikuwa umegeuka kamba, kila jina likining'inia kwenye lile lililotangulia. Na kwa jinsi nilivyoiandika, jina jipya liliuliza la kwanza, la kwanza likauliza la pili na kungoja jibu, la pili likauliza la tatu na kungoja. Lugha ya programu niliyotumia huvumilia kungojeana kama mara elfu moja, kisha hukata yote.

Kwa majina mia tatu huwezi kuona ubaya wowote. Nilijiambia nitaurekebisha kesho.

Kesho yake nilipigiwa simu kwamba baba amefariki.

Niliondoka na nguo za kubadilisha na daftari. Flashi iliyokuwa na programu ya mwanzo, ile ya majina mia tatu, niliiacha ndani ya kopo la majani ya chai, mahali tulipokuwa tukiweka vitu vya maana sote wawili.

Siku za matanga ni ndefu. Wageni wanakuja, unasimama, unasalimia, unakaa, unasimama. Kazi yangu ilikuwa kugawa vijitabu vya mazishi, picha ya baba mbele, ratiba ndani, nyuma patupu. Vilivyobaki vilikuwa vingi, na nilipokosa la kufanya na mikono yangu nilianza kuchora duara nyuma ya vile vijitabu. Nilichora majina matatu yaliyoning'inia upande mmoja. Kisha nikalishika la katikati, nikalipandisha juu. La kwanza likashuka kushoto kwake, la tatu likabaki kulia. Mpangilio haukuharibika, aliyetangulia bado alitangulia, lakini kamba ilikuwa imekuwa mti. Nilirudia mara nyingi. Niligundua kwamba kila duara lazima likumbuke urefu wa pande zake mbili, na upande mmoja ukizidi mwingine kwa zaidi ya hatua moja, hapohapo unazungusha, kabla jina jingine halijaingia. Na kama tawi limejikunja kama kiwiko, unazungusha mara mbili, kwanza kulinyoosha, kisha kulipandisha.

Shangazi yangu mmoja aliniona nikiandika, akadhani naandika hotuba ya kumuaga baba. "Andika, mama," aliniambia. "Usiache kitu."

Nilikaa siku kumi na moja. Niliporudi Rongo, mwalimu aliniita kabla sijapanda ngazi yote.

"Ni vibaya nikikuambia hili ukiwa kwenye msiba," alisema. "Lakini mradi ulioandikisha umekwisha kuwasilishwa. Mwenzako ameueleza vizuri sana. Wewe umenakili wake."

"Mwalimu, ule ni wangu."

"Yeye alikuwa hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilitoa vijitabu kwenye mkoba nikampa, nikitaka aone zile duara. Aliona picha ya baba. Akainamisha kichwa, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima yote, bila kuvigeuza.

Chumbani nilikuta nusu ya vitu haipo. Alikuwa amehama. Aliniachia sufuria moja, ile ndogo. Kopo la majani ya chai lilikuwa palepale na flashi ndani yake, imerudishwa kwa uangalifu.

Nilimpata sokoni, akinunua viazi vitamu. Hakukimbia. Nilimuuliza kwa nini, na alinijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto.

"Tarehe iliwahishwa, nyar Migori. Sikuwa na kitu cha kuonyesha. Ningefukuzwa. Wewe una akili, utaandika mwingine."

Hilo ndilo neno nililolibeba miaka sita. Angesema nisamehe, pengine ningelia tu na yakaisha. Angenitukana, tungepigana pale kwenye viazi. Lakini kusema nina akili, nitaandika mwingine, kana kwamba akili yangu ni kisima cha kijiji na yeye amekuja na ndoo!

Mradi wa pili niliuandika kwa hasira na bila moyo. Nilipita kwa alama za chini kabisa, muhula mmoja nyuma ya wenzangu. Nilirudi Migori, nikafungua saiberi karibu na stendi. Nachapisha barua za kazi, najazia watu fomu, natoa nakala. Si kazi mbaya. Lakini kila nilipopata nafasi nilifungua ile programu na kuisawazisha, kama nilivyochora nyuma ya picha ya baba. Nililisha majina yaliyopangwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, kisha jina moja likirudiwa na miaka tofauti. Haikufa tena. Nilipomaliza niliendelea kuijaribu tu, kwa raha ya kuiona ikisimama, huku nikijua yake haisimami.

Nilisikia habari zake. Aliandikia shule moja orodha ya wanafunzi, akaandikia kikundi cha akina mama wa samaki orodha ya wanachama. Watu mia mbili hapa, mia nne pale. Orodha ndogo ndogo, ambazo hata kamba inazibeba. Alikuwa na kadi ya biashara iliyomwita mtaalamu wa mifumo. Mteja mmoja aliniachia kadi hiyo mezani bila kujua, nami nikaibandika ukutani nyuma ya mashine ya kutolea nakala, mahali ninapoiona mimi tu.

Halafu mjomba akanipigia simu.

"Okewa, kuna dada anatuletea programu ya vitabu vya ubatizo. Parokia tatu zimeungana. Lakini mimi nikiitazama naona kama ile uliyonionyesha zamani."

Nilikaa chini. "Dada huyo anatoka wapi?"

"Mbita."

"Mmeingiza majina mangapi, mjomba?"

"Elfu moja mia nne na ushee. Mama karani ameyaandika yote, maskini, kwa vidole viwili."

"Jioni mnaifunga hiyo programu?"

"Hapana. Dada alisema tuhifadhi tu, tushushe kifuniko cha kompyuta. Asubuhi tukiinua tunaikuta ilipoachwa."

Sijui kama alikuwa ameona dalili fulani akaogopa, au alisema tu ili wasiichezee. Hadi leo sijui. Nilichojua ni kwamba majina elfu moja mia nne yalikuwa yameingia kwa tarehe, yamechanganyika, na mti wao ulikuwa mzuri kwa bahati. Na faili lilikuwa limehifadhiwa likiwa limepangwa, jina kwa jina, kama mimi nilivyoliagiza mwenyewe. Hakuna aliyekuwa ameifunga programu na kuifungua tena.

"Ataionyesha lini?"

"Alhamisi. Ukumbini, hapa Homa Bay mjini. Mapadri wote watatu watakuwepo, na makarani, na wazee wa kanisa."

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu lingetosha, na mjomba angempigia dada wa Mbita, naye angetafuta mtu wa kumrekebishia. Nilimwambia, "Nitakuja, mjomba." Nikakata simu nikacheka peke yangu, hadi mteja aliyekuwa akijaza fomu akaniangalia.

Alhamisi nilivaa gauni nililolishonea harusi ya mdogo wangu. Nilisuka nywele Jumatano. Nasema ukweli: sikuwahi kujiandaa hivyo kwa ajili ya mwanamume yeyote.

Ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini. Aliponiona alinyanyua mikono yote miwili. "Nyar Migori!" Akaja akanikumbatia mbele ya wote, akanukia marashi ya bei, akawaambia walio karibu, "Huyu tulilala kitanda kimoja chuoni." Nilimkumbatia pia. Nilihisi moyo wake ukipiga upesi.

Alieleza vizuri. Mjomba aliita jina, mama karani akaandika, jina likatokea papo hapo na mwaka na jina la msimamizi wa ubatizo. Aliita jingine. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliomba atafutiwe mama yake aliyekwisha kufa, na alipotokea kwenye ukuta uliokuwa umeangazwa na projekta, mzee alisimama akavua kofia.

"Siri yake ni mti," nyar Mbita aliwaambia. "Kila swali linakata nusu ya majina. Nusu kwa nusu, hadi unampata wako."

Maneno yangu yale, ya juu ya gunia la makaa. Niliikalia mikono yangu.

Walipofika kwenye maswali, padri mmoja aliuliza kuhusu vitabu vilivyoliwa na mchwa. Mwingine aliuliza nani atatunza nywila. Kisha nikasimama.

"Nashukuru kwa maelezo. Ningeomba tu uifunge programu kabisa, halafu uifungue tena tuone."

Alinitazama. "Kwa nini? Si mmeiona inafanya kazi?"

"Stima hupotea huku kwetu. Siku ikipotea itabidi muifungue upya."

"Ombi la haki," padri mkubwa alisema. "Ifungeni, muifungue tena."

Alimwashiria mama karani. Mama yule alibonyeza, programu ikafungika. Akabonyeza tena. Pale chini ya skrini kulikuwa na hesabu ndogo ya majina yanayosomwa. Niliiweka mimi, miaka ile, ili nione raha. Mia mbili. Mia tano. Mia nane. Mia tisa. Kisha mistari myekundu ikaujaza ukuta wote wa ukumbi.

Mtu alikohoa.

"Kompyuta imechoka," nyar Mbita alisema. "Jaribu tena, mama."

Ikafia palepale. Wakaleta kompyuta ya padri, mpya, wakahamisha faili. Ikafia palepale. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na nilijua jinsi jasho hilo linavyomtoka, kwa sababu niliishi naye.

"Waambie ni kwa nini," nilisema.

"Faili limeharibika."

"Faili ni zima. Waambie kwa nini."

Nilimngoja. Nilihesabu polepole moyoni hadi ishirini, na sikutaka amri wala huruma ya mtu yeyote inikatize. Kila mtu alikuwa anamtazama na yeye alikuwa anautazama ukuta. Nimewahi kula vitu vitamu maishani mwangu, lakini sijaonja kitu kama zile sekunde ishirini.

Kisha nikaenda ubaoni. Nikawachorea majina yakija yamechanganyika, na mti unavyopanuka. Nikawachorea yaleyale yakija yamepangwa, yakining'inia kulia moja baada ya jingine. "Huu si mti tena," niliwaambia. "Ni foleni. Wa mwisho akitaka kuingia anamuuliza kila mtu aliye mbele yake." Nikawaonyesha jinsi unavyolipandisha la katikati. Mzee aliyevua kofia aliuliza kama aliyeshushwa hapotei. Nikamwambia hapotei, anabadilisha tu anayemshika. Nilitoa flashi yangu, nikafungua faili lilelile kwa programu yangu. Hesabu ilipita mia tisa, ikapita elfu moja, ikafika mwisho. Nikaomba jina gumu. Mjomba akaliita. Likapatikana kwa maswali kumi na moja, na nikawaonyesha moja moja.

Hapo nikawaambia programu ile ni ya nani, na niliiandika wapi, na nilikuwa wapi siku alipoiwasilisha. Sikupandisha sauti. Nilipotaja mazishi ya baba, watu waliguna.

Sikuwa nimemaliza niliposikia kilio. Hakikuwa cha nyar Mbita. Mama karani alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimruka.

"Ni mimi niliyebonyeza," alisema. "Majina ya watu. Hata ya marehemu. Nimeyaharibu."

Nilikuwa nimepanga siku ile kwa miaka, na mama huyo hakuwa ndani ya mipango yangu. Nilipiga magoti kando ya kiti chake, nikamshika mikono, nikamwambia yote yapo, tazama pale, hakuna hata moja lililopotea. Aliniuliza mara tatu kama ni kweli. Mara ya tatu aliuliza jambo lingine.

"Wewe ulijua itakuwa hivi, na ukaacha nibonyeze?"

Nilisema ndiyo. Akaitoa mikono yake kwenye yangu, taratibu, akajifuta uso.

Nje, nyar Mbita alikuwa amesimama penye kivuli cha tangi la maji, viatu mkononi. Ziwa lilionekana kati ya paa mbili. Nilidhani atanirukia.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu siku moja kabla baba hajafa."

"Mimi kila nikisimama mbele ya watu, naogopa kuna swali litaulizwa. Miaka yote. Sikujua ni swali gani." Alivaa kiatu kimoja. "Ungeweza kunipigia simu."

"Ungeweza kunipigia wewe. Namba yangu ulikuwa nayo, na nilikuwa nagawa vijitabu tu."

Alivaa kiatu cha pili, akaenda. Sikumwita.

Parokia zilichukua programu yangu. Nilimfundisha mama karani mwenyewe, wiki mbili, kila siku nikisafiri kutoka Migori. Alikuwa mpole na mwenye adabu kwangu na hakuwahi kunikaribisha chai. Nilistahili hilo, na sikulalamika.

Baada ya miezi miwili nilipata ujumbe kwenye simu. "Nyar Migori, nafundisha kompyuta kikundi cha wasichana huku Mbita. Wameniuliza kuhusu mti unaojisawazisha. Nimesoma, sielewi ule mzunguko. Nisaidie."

Niliusoma nikiwa nimesimama. Kisha nikamjibu: kwanza aandike barua kwa mkono wake, aipeleke chuoni, akubali kwamba mradi ulikuwa wangu, na nakala aniletee mimi. Nilijua atakataa. Alileta nakala baada ya siku tano kwa dereva wa gari la abiria. Ukurasa mmoja na nusu, hakujitetea popote. Chini aliandika kwamba alipanda ngazi za chuo na kukuta saluni. Chuo kilikuwa kimefungwa zamani. Alimuuliza mwenye duka la mbolea, naye hakujua walimu walikwenda wapi. Barua halisi alirudi nayo.

Kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kunibadilishia alama. Nilikaa na ile nakala mapajani na hasira yangu ikarudi mbichi, kwa sababu sasa haikuwa na mahali pa kwenda.

Nilianza kumwandikia maelezo. Nilieleza urefu wa pande mbili, nikaeleza la katikati linavyopanda na la juu linavyoshuka. Halafu nikafika penye hatua ndogo ambayo wengi huisahau. Lile linalopanda linaweza kuwa tayari na watoto upande ule ambao la juu linashukia. Hao lazima wakabidhiwe kwa lile linaloshuka. Usipowakabidhi, wanakatika na kupotea kimya kimya, wao na wote walio chini yao, na programu haikuambii chochote. Niliiacha hatua hiyo. Niliyasoma maelezo tena bila hiyo, na yalionekana kamili kabisa. Hangeligundua kosa hadi siku ya kusimama mbele ya watu.

Nilikunywa chai. Nilitoka nje nikanunua maandazi, nikarudi. Niliwafikiria wale wasichana wa Mbita, sura zao sizijui, mmoja wao akibonyeza akiwa mbele ya watu, kisha akilia kwa kitu ambacho hakukifanya.

Niliiandika ile hatua. Nilichora na duara, nikapiga picha, nikatuma vyote.

Jibu lilikuja jioni. "Nimeelewa. Wamefurahi sana. Asante, nyar Migori."

Sikumjibu. Mama yangu, nilipomsimulia, aliniuliza kama sasa nimemsamehe, nikamwambia hapana. Aliniuliza lini. Nikamwambia sijui, nikamsaidia kuanua nguo, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Tanzania.